Mashavu ya Bi Sheikha

Kwa miaka kumi na sita Bi Afaf alipiga picha za wanawake katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa Kuze, Mombasa, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia hata moja. Wapo waliolia walipojiona. Wapo walioapa kwamba wale si wao. Lakini picha waliichukua, wakaenda nayo. Jambo hilo Bi Afaf alilisema mara kwa mara, hasa mbele ya mumewe, Sami, aliyekuwa karani bandarini mpaka alipostaafu, na ambaye kwa maneno ya mkewe alirudishiwa makaratasi kila wiki ya uhai wake.

Kamera aliirithi kwa nduguye mkubwa, na nduguye yu hai. Alikuja nayo kutoka Maskati mwaka wa 1979, akaichezea miezi miwili, akaichoka, akaitia kabatini. Afaf akaitoa kabatini. Hakuomba, na hakuulizwa. Alijifundisha kwa kupiga picha paka wa kichochoroni, maana paka hawalalamiki, na filamu tatu za kwanza zilikuwa paka mwanzo mpaka mwisho. Kisha ikaja harusi ya binamu yake. Siku ya kupamba, ambayo ni sherehe ya wanawake watupu, ukumbi ulijaa wanawake waliojifunua na kujitengeneza, na mpiga picha aliyeajiriwa, mwanamume wa watu, kakaa nje kwenye ngazi na mitambo yake, hana ruhusa ya kutia hata pua. Mama wa bibi harusi akapaza sauti, "Si Afaf ana kamera? Naaje!" Akaja. Picha nne zilitoka hazina vichwa, lakini zilizobaki zilipita mkono kwa mkono Mji wa Kale wote hadi Bondeni, na tangu hapo Bi Afaf hakupata tena siku ya kukaa kitako.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Hatua nne kwa urefu, tatu kwa upana, kuta za mawe zilizopakwa chokaa nyeupe. Kwenye ukuta wa ndani palining'inia mapazia mawili: la harusi, lenye bustani na chemchemi iliyochorwa, na la pasipoti, ambalo lilikuwa kitambaa cha bafta nyeupe tupu. Katikati kiti. Kila upande benchi refu la wanaongoja zamu, na chumba kilivyokuwa chembamba, anayengoja na anayepigwa picha walikaribia kugusana magoti. Taa zilikuwa mbili, balbu kubwa juu ya vyuma, zenye joto la kukausha samaki. Wateja walikuwa wanawake peke yao.

Mwaka wa 1996, mwezi wa Mfungo Mosi ulipoingia na Idd ikapita, walikuja mahujaji. Walikuwa wanawake kumi na mmoja wa msafara mmoja, msafara wa Bwana Aidarus, ambaye kila mwaka alikusanya watu wa mtaa, akawajazia fomu, akawashughulikia viza. Wote walitaka picha za kuweka kwenye fomu: uso wazi, kichwa kimefunikwa, nyuma peupe. Bi Afaf akawapiga siku moja, akatuma filamu Makadara kusafishwa, na zilipokuja picha hakuzitazama sana, kwa kuwa alikuwa na harusi mbili wiki ile. Akazitia kwenye bahasha, akazipeleka.

Jumamosi asubuhi Bwana Aidarus akabisha mlango. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu nyingi na ujasiri kidogo. Alisalimu, akauliza hali ya nyumba, hali ya Sami, hali ya mguu wa Sami, hali ya mama yake Bi Afaf huko Bondeni, na alipokuwa hana mtu mwingine wa kumuulizia, akatoa bahasha.

"Bi Afaf, samahani sana. Hizi picha."

"Zina nini?"

"Zina weusi."

"Wamevaa mabuibui, Bwana Aidarus. Ulitaka yawe meupe?"

"Si wa buibui. Ni wa usoni."

Bi Afaf akazitoa, akazitandaza juu ya benchi, akainama. Kumi na moja zote zilikuwa na kasoro mbili. Nyuma ya kila kichwa, juu ya bafta, palikuwa na kivuli kama kichwa cha pili kinachochungulia begani. Na kila uso, pembeni, kutoka kwenye paji la uso mpaka taya, ulikuwa na ukanda mweusi kulia na kushoto, kana kwamba mtu amewazungushia wanja. Kati palikuwa na macho, pua na mdomo. Mashavu yalikuwa yameliwa.

"Wenye viza wataka uso mzima, shavu hata shavu," alisema Bwana Aidarus kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba. "Na fomu zaondoka Alhamisi kwenda Nairobi."

Bi Afaf akazikusanya picha moja moja. Hakuna lililomuuma kuliko kwamba Sami alikuwa kakaa pale kwenye ngazi za ndani, kikombe cha kahawa mkononi, anasikia kila neno.

"Zimerudi?" aliuliza Sami.

"Kunywa kahawa yako."

Habari ilifika kwa Bi Sheikha kabla ya adhuhuri. Bi Sheikha ndiye aliyekuwa mkubwa wa wale kumi na mmoja, mwanamke wa miaka sitini na tano, mnene, mwenye sauti, na mwenye mashavu ambayo Mji wa Kale wote uliyajua. Alipokuwa msichana watu walisema mashavu yale yameumbwa siku ya Idd. Alikuwa ameingojea safari ya Hija miaka ishirini, tangu kuolewa kwa mtoto wake wa kwanza mpaka kuzaliwa kwa mjukuu wa tisa. Akaja na bakora yake na mkwe wake, Jihan, akaomba kuiona picha. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena.

"Afaf," alisema, "mashavu yangu umeyapeleka wapi?"

"Yapo, Bi Sheikha. Ni mwangaza tu umekosea."

"Hapa mimi nimekuwa kama mtu aliyetumbukia kisimani, anatazama juu. Nifike Makka na uso huu waniulize hujaji yuko wapi?"

"Nitazipiga upya. Zote. Kesho."

Sami alikuwa na maoni, na hayakuwa machache. Kwanza alisema ni umeme. Umeme wa siku hizi, alisema, hauji mwepesi kama wa zamani, waja na taka ndani yake. Baadaye akasema ni joto, filamu imepikwa. Bi Afaf yeye alilishuku pazia. Bafta ile ilikuwa na miaka mitano, na huenda weupe wake ulikuwa umechoka. Akaishusha, akaichemsha, akaitia buluu ya kufulia mara mbili, akaianika juu ya dari, akaipiga pasi, akaitundika. Jumapili wakaja wale kumi na mmoja, na kila mmoja na msindikizaji wake: dada, binti, mkwe, jirani asiyekuwa na kazi. Chumba kikajaa mabuibui ukuta hadi ukuta. Wakapigwa picha, wakatoa jasho, wakaenda zao.

Jumatatu asubuhi zikarudi kutoka Makadara. Kivuli kilikuwepo. Weusi ulikuwepo. Tofauti ilikuwa kwamba sasa bafta imekuwa na rangi ya buluu kidogo.

Hapo Bi Afaf alivaa buibui lake akashika njia ya Makadara kwenda kumtia adabu Kahindi.

Kahindi alikuwa msafishaji wa picha, mtu wa Kaloleni, mpole, mwenye kiduka chenye mashine kubwa na harufu ya dawa. Kwa kazi yake alikuwa ameona nyuso za watu wa Mombasa zaidi kuliko mtu yeyote, na nyingi aliziona kichwa chini miguu juu. Bi Afaf aliingia kama upepo.

"Kahindi, mashine yako yawachora watu wanja!"

"Karibu, Bi Afaf. Habari za nyumbani?"

Bi Afaf akakumbuka kwamba hakusalimu. Uso ukamwiva. Ilimbidi arudi mwanzo, amsabahi, amuulizie mkewe, awaulizie watoto wanaosoma, aitikie habari za mvua za Kaloleni ambazo hazijanyesha, na ndipo apate kusema tena, safari hii bila ukali wote aliokuja nao, "Kahindi, mashine yako yawachora watu wanja."

Kahindi hakukasirika. Akatoa ukanda wa negativu, akauinua mbele ya balbu.

"Hapa kila kitu kiko kinyume, Bi Afaf. Cheupe ni cheusi, cheusi ni cheupe. Angalia shavu la huyu mama. Pembeni pako wazi kama kioo. Maana yake hapo mwanga haukufika toka ulipopiga. Mimi mwanga ambao haukufika siwezi kuuchapa."

Bi Afaf akatazama. Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimchoma.

"Na hiki kichwa cha pili?"

"Hicho ni kivuli chake. Kiti umekigandisha kwenye kitambaa. Mlete mtu mbele, hatua tatu hivi, halafu hicho kitambaa kipe taa zake chenyewe, za nyuma."

"Na mashavu?"

Kahindi akakuna kichwa. "Mashavu, kusema haki, sijui. Tuanze na kivuli."

Hatua tatu mbele! Chumba chenyewe hatua nne. Ukimleta mteja mbele hatua tatu, mpiga picha atakaa wapi? Bi Afaf aliliwaza hilo njiani kote, na alipofika mlangoni kwake akageuka, akatazama ng'ambo ya kichochoro. Pale palikuwa na baraza la jirani, ambapo Kache aliuza mahamri na mbaazi kila asubuhi mpaka saa tatu. Baada ya saa tatu baraza lilikuwa tupu.

Alasiri hiyo kamera ilisimamishwa kwenye baraza la jirani. Kiti kilikuwa ndani ya chumba, karibu na mlango. Taa mbili mpya za kuazima zililala sakafuni nyuma ya kiti, zikilimulika pazia. Bi Afaf alipiga picha kutoka ng'ambo, kupitia mlango uliofunguliwa, na kati yake na mteja ulipita Mji wa Kale wote.

Sami aliwekwa kwenye kona azuie watu. Alijitahidi. Lakini ukimzuia mtu wa Kuze asipite Kuze lazima umpe sababu, na ukimpa sababu atataka kuiona, kwa hiyo kila aliyezuiwa na Sami alipita upesi zaidi kuliko ambaye hakuzuiwa. Ulipita mkokoteni wa madumu ya maji. Wakapita hamali wawili na kabati. Lakini hawa walipita tu wakaenda. Walioharibu kazi ni wenye adabu. Mzee akitoka msikitini hawezi kupita mlango ulio wazi, ndani mna watu, asitoe salamu. Alisimama sawasawa mbele ya kamera, mkono kifuani.

"Salaam aleikum!"

"Waaleikum salaam!" waliitikia ndani wote kwa pamoja, na aliyekaa kitini akiitikia kwa mdomo wazi kuliko wote, wakati uleule Bi Afaf anabonyeza.

"Msiitikie!" alipiga kelele Bi Afaf kutoka ng'ambo.

"Salamu ni wajibu kuijibu, Afaf," alisema Bi Sheikha kutoka kitini. "Twaenda Hija, tuanze na dhambi?"

Katika picha thelathini na sita za filamu ile, kumi na tisa zilikuwa za mahujaji wakijibu salamu. Tatu zilikuwa za mgongo wa mzee. Moja ilikuwa ya kabati.

Jumanne alfajiri, kabla watu hawajajaa, Bi Afaf alitaka kuzijaribu taa upya. Akamwita Kache, aliyekuwa anapanga mahamri yake. Kache alikuwa mwanamke wa Kigiriama wa miaka arubaini hivi, mwenye leso mbili na uso mpana. Akaacha karai, akaingia peke yake, akakaa kitini dakika moja, akatazama mbele, akapigwa, akarudi kwenye mahamri. Filamu ikamalizikia hapo, ikapelekwa Makadara.

Adhuhuri Kahindi akazileta mwenyewe kwa miguu, maana na yeye jambo lilikuwa limemshika. Wakaziweka juu ya benchi: Bi Afaf, Sami na yeye. Pazia lilikuwa jeupe kama maziwa. Kivuli kimekwenda. Bi Afaf akashusha pumzi. Kisha akaona mashavu. Weusi uleule, kulia na kushoto, kwa kila aliyekaa kile kiti.

"Ila huyu," alisema Kahindi, akaweka kidole.

Ilikuwa picha ya Kache. Uso wake uling'aa sikio hata sikio. Kila shavu lilikuwa mahali pake, zuri, la mviringo, huku hana safari wala fomu.

Bi Sheikha alipoonyeshwa alijigusa shavu. "Kache aenda wapi na mashavu yote haya?" aliuliza.

"Kache yuwapaka mafuta ya nazi," alisema Sami.

Wote wakamgeukia. Sami hakuwa amezoea kusikilizwa na watu wengi namna ile, akakaa sawa. Akaeleza kwamba mafuta huvuta mwangaza, kama maji yanavyovuta, na kwamba watu wa Kuze siku hizi wapaka poda, na poda ni vumbi. Yalikuwa maelezo mazuri. Bi Afaf hakuyaamini, lakini Alhamisi ilikuwa kesho kutwa, na yeye hakuwa na maelezo yoyote.

Saa tisa, wanawake kumi na mmoja walikaa wamepakwa mafuta ya nazi. Bi Sheikha alijipaka kiasi cha kukaangia. Taa zilipowashwa joto likayayeyusha, yakatiririka, mtu mmoja yakamwingia machoni akapigwa picha amefumba jicho moja kama anayelenga shabaha. Kahindi alizisafisha jioni ileile. Pua zilimeremeta. Vipaji vya nyuso vilimeremeta. Na pembeni, kulia na kushoto, weusi ulikaa pale pale.

Jumatano ilikuwa siku ya mwisho. Bi Afaf hakula asubuhi. Alikuwa amejiambia kwamba ikishindikana leo atamwambia Bwana Aidarus awapeleke kwa mpiga picha mwingine huko mjini, mwanamume, na baada ya hapo ataiuza kamera. Alisema hivyo jikoni, na Sami, kwa mara ya kwanza, hakuwa na maoni. Alimmiminia chai tu.

Walikuja tena, kumi na mmoja na wasindikizaji wao, wakajipanga kwenye mabenchi magoti kwa magoti, wamechoka, hawana tena gumzo. Bi Afaf aliweka masharti kabla ya kuvuka kichochoro: leo hakuna kuitikia salamu. Dhambi ataibeba yeye. Bi Sheikha akakubali kwa shingo upande, akakaa kitini. Bi Afaf akatia jicho kwenye kamera.

Miaka kumi na sita, akitazama kwenye tundu lile, alikuwa anatazama macho ya mtu: yamefumbuka, hayakufumbuka. Leo alitazama mashavu. Akauona weusi kwa jicho lake, pale pale, kabla hata ya filamu. Na alipokuwa anautazama, Jihan, aliyekaa kwenye benchi la kulia, akasimama kwenda kunywa maji.

Shavu la Bi Sheikha likang'aa.

Bi Afaf akaondoa jicho, akalifuta, akalirudisha. Jihan akarudi, akakaa. Shavu likazimika.

"Jihan," aliita Bi Afaf taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege. "Inuka."

Jihan akainuka. Shavu likawaka.

"Keti."

Likazimika.

"Inuka. Keti. Inuka."

"Bi Afaf, nimefanya nini?" alisema Jihan, machozi karibu.

"Hujafanya kitu, mwanangu. Benchi la kulia wote, inukeni! Wote, twende nje ya mlango kidogo. Basi. Rudini. Ketini. Sasa wa kushoto!"

Watu waliopita kichochoroni walisimama kutazama. Wanawake wazima, wengine na magoti mabovu, walikuwa wakiinuka na kukaa kwa amri ya Bi Afaf kama askari wa gwaride, na Bi Afaf ng'ambo ya njia jicho kwenye kamera, akicheka peke yake. Sami aliondoka kwenye kona yake akaja mbio, akidhani mkewe amerukwa na akili.

"Ni wao!" alisema Bi Afaf. "Sami, ni wao! Kuta zangu nyeupe. Taa yapiga ukutani, yarudi mashavuni. Wakikaa hawa mbele ya kuta, mabuibui yanaumeza mwangaza, haurudi kitu. Kache alikaa peke yake!"

Kilichobaki kilikuwa kuwaambia. Bi Afaf akavuka njia, akasimama mlangoni, akaeleza vizuri awezavyo. Wanawake wakajitazama mabuibui yao.

"Yaani," alisema mmoja kwenye benchi la kushoto, "sisi ndio giza?"

"Si nyinyi. Ni nguo."

"Nguo tumevaa sisi."

"Basi ngojeni nje, ni dakika kumi tu."

Hakuna aliyeondoka. Nje jua la mwezi wa tatu lilikuwa limewaka mpaka kwenye mawe, na zaidi ya hayo, alisema Bi Sheikha, wamekuja pamoja, watasafiri pamoja, na hakuna atakayetolewa nje kama mwenye deni. Bi Afaf alifikiri kidogo. Kisha akapanda ngazi, akatoa kila shuka nyeupe iliyokuwa kwenye kitanda na kabatini. Jihan akakimbia nyumba ya pili akaleta sita. Jirani wa nyuma akatoa nne na kitambaa cha meza. Wakafunikwa. Bi Afaf aliwapitia mmoja mmoja, akichomeka, akivuta, weusi usionekane hata wa ukucha. Na wengine, wakiona vichwa vyao vimebaki na ushungi mweusi, wakajitanda shuka gubigubi.

Akarudi ng'ambo. Akatazama. Shavu la kulia, la kushoto, yote mawili yaliwaka kama taa za gari. "Msiseme neno," aliamuru. "Msitikisike."

Wakati huo Bwana Aidarus alikuwa anaingia kwenye kona, fomu kwapani, kuja kujua kama picha zipo au hazipo. Sami hakuwa kwenye kona. Bwana Aidarus akafika mlangoni akitokea juani, macho hayajazoea, akamkuta mtu mmoja kitini amekaza macho mbele kana kwamba hamwoni, na pande zote mbili, bega kwa bega, watu waliovikwa nguo nyeupe utosini hata miguuni, kimya.

"Salaam aleikum," alisema Bwana Aidarus.

Kimya.

"Salaam aleikum," alisema tena, sauti imepungua.

Hakuna aliyejibu. Wote walikuwa wamekula ahadi. Mmoja tu, wa mwisho kwenye benchi la kushoto, mafuta ya nazi ya jana bado yakimwasha puani, akapiga chafya, shuka ikapanda na kushuka usoni pake.

Bwana Aidarus alitoa ukelele mwembamba ambao hakuna aliyedhani unaweza kutoka kwa mtu wa urefu ule. Fomu zikaruka. Alikimbia hadi karibu na soko la samaki ndipo Sami, na mguu wake, akamfikia, akamrudisha polepole amemshika mkono, akimweleza habari za mwangaza na kuta.

Ndani hakukuwa na aliyebaki ameketi vizuri. Mashuka yalitetemeka kwa kicheko. Bi Sheikha alicheka mpaka bakora ikamwanguka, mashavu yamepanda hadi machoni, na Bi Afaf, ambaye vidole vyake havikuhitaji kuamriwa, akabonyeza. Baadaye ilichukua zaidi ya nusu saa kupata picha ya kutulia, maana kila alipokaza uso, mtu mmoja chini ya shuka alisema "salaam aleikum" kwa sauti nyembamba na wote wakaanza upya. Lakini walipigwa, kumi na mmoja. Kahindi akafunga duka kwa wateja wengine, akazisafisha, na magharibi zikawa mkononi mwa Bwana Aidarus, ambaye alizipokea akiwa amesimama mbali kidogo na mlango.

Bi Sheikha aliiangalia yake kwa karibu, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Haya ndiyo yangu," alisema. Akatazama tena. "Ndiyo makubwa hivi?"

Fomu zilikwenda Alhamisi. Hakuna iliyorudi. Mwezi wa nne msafara ukaondoka, na Kuze ikawa kimya kwa wiki kadhaa. Bi Afaf aliyaondoa mabenchi, akayaweka ukumbini. Kuta akazipaka chokaa upya kwa mkono wake. Wapiga picha wawili wa mjini walikuja kumuuliza siri yake, kwa kuelekezwa na Kahindi, akawaeleza yote bila kuficha, ila habari ya mafuta ya nazi.

Asubuhi moja, mahujaji hawajarudi bado, Sami aliingia studio, akakaa kitini. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya kwenda msikitini.

"Hii ni studio ya wanawake," alisema Bi Afaf.

"Nipige."

"Ya nini?"

Sami akatoa fomu mbili mfukoni, zimekunjwa vizuri kama karani anavyokunja. Alikuwa amezichukua kwa Bwana Aidarus siku ileile ya mbio, za msafara wa mwaka wa mbele, akazikalia kimya mwezi mzima. Moja ilikuwa imejazwa jina lake. Ya pili ilikuwa na jina la Afaf, na kila mstari umejazwa kwa mwandiko wake wa bandarini. Paliposalia ni pa picha.

Bi Afaf alizisoma zote mbili. Akazikunja, akampa. Akainua kamera, akampiga mumewe picha, akasahau kuwasha taa, ikabidi arudie.

Yeye je? Miaka kumi na sita hakuwahi kukaa upande ule. Akamwita Kache, akamwonyesha pa kubonyeza. Kisha akakaa, akainuka kusogeza taa, akakaa, akainuka kunyoosha pazia, na picha ya kwanza ikatoka ya kiti kitupu. Ya pili alikuwa amefumba macho.

"Bi Afaf," alisema Kache kutoka ng'ambo ya kichochoro, mkono mmoja kiunoni, "mahamri yangu yaungua. Tulia."

Akatulia. Siku mbili baadaye alikwenda mwenyewe Makadara kuichukua. Kahindi akamwekea mezani, akajifanya anafuta mashine. Bi Afaf alisimama na ile picha mpaka mteja wa nyuma yake akakohoa. Alikuwa amefanana na mama yake, naye hakujua. Akaitia kwenye mkoba, akamwambia Kahindi amtolee na moja kubwa ya kuweka sebuleni, na alipofika nje akaitoa tena kuitazama kwenye mwangaza wa jua.